Ujira wa Kutokata

Mundu wangu nimeutundika juu ya mlango,
makali yameelekea ukutani
kama mtoto aliyeadhibiwa.
Kila mwisho wa mwezi nalipwa
kwa kazi ambayo sikuifanya.

Wenzangu wa Dunga hunicheka:
"Omuga, mshahara wa mikono mfukoni!"
Nami nacheka nao. Niseme nini?
Mwalimu Dorina Akeyo ndiye aliyenijia.
Kiinua mgongo chake chote
alikigeuza mbao, nguzo na misumari,
ujia mwembamba unaopenya mafunjo
na kuishia pasipo kitu
ila maji, na sauti.

Wageni hulipa mia tatu kupita juu yake.
Wananong'ona kama walio kanisani,
wakimngoja ndege mmoja tu:
kifua damu, utosi rangi ya samli,
ambaye mimi miaka ishirini nilimjua
kwa viota vilivyoanguka nikifyeka.
Sikujua ana thamani.
Nilijua bei ya mkeka.

Kisha ziwa likapanda.
Mbao zikaelea, wageni wakakatika.
Mwezi wa kwanza Mwalimu alinipa nusu.
Wa pili alileta unga, na pole.
Wa tatu hakuja;
nilisikia ameuza viti vya sebuleni.

Alfajiri moja niliuangua mundu, nikaunoa.
Karo ya Aluoch haingoji ndege atage.
Nikazama hadi kiunoni, nikashika funjo la kwanza,
baridi, nene kama kifundo cha mkono wa mwanangu.

Dume akalia upande huu.
Jike akamdaka sauti kule,
wimbo mmoja, makoo mawili,
wala hawakujua kwamba mwezi huo
hakuna aliyewalipia.

Nilikata mzigo mmoja, pembezoni,
mbali na walipokuwa.
Mbali kiasi gani, usiniulize.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia.
Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.
Akafungua daftari, akalowesha ncha ya penseli ulimini:
Omuga, mzigo mmoja.
Akeyo, miezi mitatu.
Nani anamdai mwenzake, hakuandika.

Maji yameanza kurudi. Jumamosi
tulipigilia mbao kumi na nne, mimi na yeye,
na mgeni mmoja akafika, akalipa, akangoja,
akaondoka bila kuona ndege.

Mundu umerudi juu ya mlango.
Tope lake sijalifuta.