Mwokaji wa Kutaisi

Saa kumi alfajiri Nateli ameinama tanurini,
anabandika mikate kwenye ukuta wa moto.
Wembe wa jana umemwachia vipele kidevuni;
anavipaka unga, kama kwa bahati mbaya.

Miezi mitano hajaziona siku zake.
Kwenye skrini ya daktari Lamzira
ovari ilifanana na komamanga lililopasuliwa:
vijifuko, vijifuko, hakuna kilichopevuka.
"Ni mayai yaliyokwama njiani," akasema.
"Insulini inabisha hodi, seli zimejifanya viziwi;
inazidi kupiga kelele,
na ovari, jirani asiyeulizwa, ndiyo inayoitika.
Punguza mkate."

Nateli akacheka mpaka machozi.
Mkate!

Sasa huanza na maharage na giligilani,
kisha kipande, si mkate mzima.
Jioni hupanda kilima kwa miguu,
metfomini ikimsokota tumbo.
Mizani haijasogea.
Shangazi Tsiala huuliza, "Bado?"
Bado nini, hasemi.

Jumanne, akikanda, kiuno kikamkaza.
Alikwenda uani, akarudi, akanawa,
akaandika tarehe kwa kidole
kwenye unga wa mezani.
Hakuifuta
hadi mteja wa kwanza alipogonga dirisha.