Kisigino cha Aune

Betri tumeibania juma zima.
Taarifa ya habari hatukuisikia, wala bei ya siagi;
baba aliuchomoa waya Jumapili iliyopita,
akasema: huyu hangurumi tena mpaka Jumamosi.

Jumamosi ndiyo hii. Theluji imefika dirishani.
Majirani wametoka bafu la mvuke, nyuso nyekundu kama bitiruti,
wanakung'uta viatu mlangoni, kila mtu na kikombe chake,
maana vyetu ni sita, nao ni ishirini na watatu.
Mzee Eino kaja na kiti.
Lempi kaja na soksi anayoifuma tangu Oktoba.

Saa mbili kamili Helsinki inakohoa, inakaa sawa.
Kwanza mchekeshaji: mkaguzi wa kodi anahesabu ng'ombe,
na ng'ombe wamejificha uvunguni mwa kitanda.
Tunacheka. Eino anacheka mwisho, peke yake,
baada ya kupigiwa kelele sikioni.
Kisha bibi mmoja anaimba habari za Paris.
Hajafika huyo, anasema Lempi. Inasikika.

Mama hacheki. Ameishika barua:
*Nitapiga akodiani. Saa tatu kasorobo. Sikilizeni.*

"Na sasa," anasema mtangazaji, sauti imepigwa pasi,
"muziki wa dansi, kutoka bendi yetu ya studio."

Basi. Hakuna jina.
Fidla, tarumbeta, akodiani mbili.
Ipi yake? Ile ya kulia, anasema Eino.
Redio ina spika moja.

Wanabishana. Baba anavuta kiko kisicho na tumbaku.
Mama anainuka, anabandika sikio kwenye kitambaa cha redio,
mkono mmoja juu: nyamazeni.

Chini ya muziki, chini kabisa,
du,
du,
kisigino cha kushoto, kinachowahi zamu yake kwa unywele,
kisigino kilichomwamsha nyanya miaka kumi,
kilichochimba ubao ule pale karibu na jiko,
kilichomponza fimbo, kikamponza kunyimwa kahawa,
na hakikukoma.

"Ni yeye," anasema mama. "Adabu bado hana."
Na anabaki pale pale, shavu juu ya redio,
hata betri ilipoanza kufa
na bendi nzima ikazama polepole kama kijiko kwenye uji.

Makofi hatukuyasikia.
Watu wakaaga, kila mtu na kikombe chake.

Asubuhi nilimkuta baba amepiga magoti mbele ya ule ubao,
nyundo mkononi, misumari mitatu mdomoni,
ubao mpya umeegemea ukuta.
Hakupigilia hata mmoja.