Mkanda wa Katuba

Umeme ukikatika, mashine hufa katikati ya kichwa,
mteja akabaki nusu msitu, nusu uwanja.
Hapo Kabwita aliushusha mkanda, akaufuta kwa kiganja
hadi ngozi ikapata joto.
"Vumbi jekundu hili. Chembe moja tu, wembe unaota meno."

Ukaze, alisema. Ukilegea, makali yanapinda.
Upande wa turubai kwanza, mara ishirini.
Kisha ngozi, arobaini, wala usihesabu kwa sauti,
mteja atadhani unahesabu siku zake.
Mgongo utangulie, makali yafuate:
wembe hurudi kinyumenyume
kama mtu anayeaga ukweni.
Uzito wake unamtosha. Usimwongezee wako.
Ukifika mwisho, geuzia mgongoni.
Mgongoni, Mwewa, si kwenye makali!

Nilichelewa kusikia.
Ngozi ilifungua mdomo, mfupi kama ukucha.
Hakunipiga. Alilipapasa lile jeraha,
akasema mkanda ule ulishika suruali ya baba yake
miaka kumi na tisa mgodini, na haukuwahi kukatika.
Kisha akanirudishia wembe.
"Ishirini na tatu. Endelea."

Leo msumari ni wangu, na kovu ni langu.
Nikilikaribia, mkono hujipunguza wenyewe:
shwa, shwa, tk, shwa.
Wazee wa mtaa wanaujua mlio huo.
"Bado hujaushona?" huuliza,
vichwa nyuma, shingo wazi.

Sijaushona.