Sambaza si Amri

Barua yao ilifika Jumanne, kurasa arobaini na mbili,
na nembo ya dubu mweupe ameketi juu ya jokofu.
Kampuni ya majokofu, huko ng'ambo, yenye mfuko wake wa mitaji:
wanataka kutia fedha katika mtambo wetu wa barafu,
huu unaokunywa jua la Nguba mchana kutwa
na kutapika vipande vyeupe alfajiri, wavuvi wakirudi.

"Tukubali," akasema Murhula. Mikono yake inanuka grisi.
Miezi mitatu hajajilipa. Mkewe ameacha kuuliza.
Mimi nikachukua kalamu nyekundu, nikazikalia zile kurasa
kama mtu anayechambua mchele wa msaada.

Ukurasa wa sita: wapewe kiti mezani, kisicho na kura.
Lakini sikio halipigi kura, Murhula. Sikio linabeba.
Ukurasa wa kumi na tisa: akija mnunuzi mwingine
tuwaite wao kwanza, tungoje siku mia na themanini.
Nani atangoja, na samaki huoza kabla ya adhuhuri?
Ukurasa wa thelathini na moja, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
michoro, vipimo, joto la kila saa la kila sanduku,
vyote vishirikishwe, "ili tuwasaidie kusambaza."

Kusambaza!
Nikacheka peke yangu, umeme ukakatika.
Kwetu sambaza ni samaki, si amri.

Asubuhi nikapanda Kadutu kwa mama Ntakwinja.
"Nilishakopeshwa na muuza samaki mwenzangu," alisema,
mikono haiachi kupanga mafungu.
"Pesa yake ilikuwa nzuri, haikuwa na tundu.
Ila kila alfajiri alikuja kuisalimia pesa yake,
akaona mvuvi gani ananiletea, na kwa bei gani.
Mwezi wa nne mvuvi akapita mbele yangu kama mtu anayepita ukuta."
Akanipimia bakuli, akaongeza samaki wawili juu.
"Deni nililimaliza. Mvuvi sijampata."

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo tulivyofundishwa.
Hawakututajia mgeni anayekuja na futi ya kupimia milango.

Tukajadiliana wiki saba, sauti ikikatika kila mvua inyeshapo.
Waliomba robo, tukawapa asilimia tisa.
Kiti wakalie, ila bei ikitajwa watoke nje wakavute hewa ya ziwa.
Siku mia na themanini zikawa ishirini.
Michoro ikabaki kwa wakili Cirhuza, ndani ya bahasha yenye lakiri,
na kijisehemu tukawauzia akina mama wa sambaza,
dola kumi kumi, zimekunjwa hadi zimekuwa laini kama kitambaa.

Fedha ikapungua. Mtambo wa Idjwi hautajengwa mwaka huu.
Murhula hakunisemesha siku mbili;
siku ya tatu alinipa bisibisi niishike, tukaendelea.

Bwana Aldert alikuja Februari, viatu vimejaa tope jekundu.
Mtu mwema, kwa kweli. Alikula sambaza na vichwa vyake.
Kisha akafuta vidole, akauliza, kwa upole kabisa,
kama angeweza kuona kidogo kilichomo ndani.

Mtambo una milango miwili.
Nikamfungulia wa upande wa barafu.