Makoti Yaliyobaki Stesheni

Nilikuwa utingo wa lori la magogo, Budongo.
Kazi yangu kigingi cha kuzuia gurudumu
na macho ya kutazama nyuma, dereva asikoona.
Usiniulize habari za majemadari.
Niulize matope.

Mwaka ule meneja alichora mpango kwa penseli nyekundu:
magogo mia nne ya mkangazi hadi Butiaba
kwa siku kumi na nane, kabla mvua haijashtuka.
Mstari ulinyooka kama uzi wa fundi mwashi.
Kwenye karatasi ile Mto Waki haukuwa na kingo.

Siku ya sita tukazama.
Mnyororo ulikatika. Onegiu, dereva wetu,
alilitukana lori kwa Kialur, kisha akalibembeleza.
Hapo ndipo alipopita yule Mpolandi wa kambi ya Nyabyeya,
Bronka, ambaye mama zetu walimpa empaako, Abwoli,
maana utamsalimuje mtu asiye na jina la kupendea?
Alitua ndoo yake ya mihogo, akacheka
mpaka akakaa chini.

"Hivi hivi walikwama," alisema
kwa Kiswahili chake cha gulioni.
Akaokota kijiti, akachora kwenye tope:
huku Wajerumani, huku Warusi,
na katikati nukta. "Hapa mimi."

Walihesabu wiki kumi, wakapakia wiki kumi.
Waliingia kwenye mdomo wa baragumu;
kila hatua nchi ikapanuka,
jeshi likabaki lile lile.
Waliyahesabu majeshi waliyoyaona, wakayamaliza,
asubuhi wakahesabu tena
na hesabu ikawa kubwa kuliko ya jana.

Reli za Mrusi zimeachana zaidi, kwa kiganja kimoja tu
(alinionyesha chake, kina sugu za msumeno),
kwa hiyo wakapigilia upya, maili kwa maili,
huku malori yakinywa njiani
ile petroli yaliyotumwa kuipeleka.
Onegiu akaguna. Hilo alilijua.

Kisha Oktoba, na tope,
"dada yake hili," akalipiga kofi.
Farasi walizama hadi tumboni.
Tope lilipoganda wakashangilia, barabara imekuwa ngumu;
lakini baridi ile ile ikagandisha oili, ikagandisha vidole.
Kaka yake, karani wa reli Warszawa, aliyaona makoti:
mabehewa mazima ya makoti, yamesimama njia ya pembeni,
yakipisha risasi zipite kwanza.

Nikamuuliza: ulifurahi?

Alifuta nukta kwa kisigino.
"Mrusi ndiye aliyetuchukua usiku, mimi na mama,
tukakate misonobari Arkhangelsk.
Mama bado yuko huko.
Mjerumani alipovamia, Mrusi akatafuta marafiki,
akafungua geti, akasema nendeni.
Mnasema vita vya panzi, furaha ya kunguru.
Mimi sikuwa kunguru. Nilikuwa jani
ambalo panzi wawili walikuwa wakilila,
wakaliacha ili wang'atane."

Hatukuwa na jibu. Naye hakulingoja.
Alivua viatu, akatuagiza matawi,
tuyalaze mkingamo chini ya magurudumu, membamba kwanza,
kama walivyofanya kule msituni.
Saa kumi na moja lori lilitoka likilia.
Magogo mia nne yalifika Butiaba mwezi Januari,
na meneja alikuwa ameshanunua penseli nyingine.

Jumapili moja nilimpelekea mkungu wa ndizi.
Nje ya kibanda chake cha nyasi, juu ya kamba,
koti la ngozi ya kondoo lilikuwa linaanikwa,
zito, limeliwa na nondo begani.
Jua lilikuwa kali hata kuku wamejificha.

Nikamwambia, Abwoli, Masindi hakuna theluji.

"Najua," alisema, akaligeuza upande wa pili.
"Na wao walijua ni kiangazi."