Fungua Mdomo

Miaka kumi na tisa nimetazama vinywa,
nikajua jino haliumi siku linapoanza kuoza.
Linauma siku limekwisha kuamua.
Basi nilipoingia yadi ya magari, Ngong Road,
sikutazama rangi.

Au niseme kweli: nilitazama.

Mburugu alinijia na tabasamu la meno yote
(la chini kushoto, gego la kwanza, lataka kuzibwa)
akanisimamisha mbele ya pikapu nyeusi
inayometa kama kiatu cha bwana harusi.
"Daktari, hii inavuta nyumba na wapangaji wake."
Nikamwambia, "Nyumba yangu ina kilo zake."

Maana nilikuwa nimekwisha kuipeleka mizani, Mlolongo,
kliniki yangu ya magurudumu, iliyochomelewa Kariobangi
na vijana wanaoamini hakuna ugonjwa usioponywa na chuma:
kiti cha mgonjwa, jenereta, tangi la maji,
kabati la koleo, mashine ya picha.
Tani tatu na kilo mia moja.
Karatasi nimeikunja pochini, ubavuni mwa picha ya mama.

Trela hii haishiki gari mkia kama nyingine.
Inalaza shingo yake ndani ya bodi,
juu ya ekseli ya nyuma,
kama mtoto mnene aliyesinzia harusini
na aliyembeba hana pa kumweka.
Sehemu moja kwa tano ya uzito wote ni shingo.
Piga hesabu: mia sita na ishirini.
Ongeza kufuli la chuma. Niongeze mimi, na nesi Nyaboke,
na dereva Lemayian asiyekataa chapati ya tatu.
Mburugu akanisimulia farasi mia mbili walio ndani ya injini.
Nikamuuliza springi.
Akanijibu viti ni vya ngozi.

Fundi Wandabwa alikuwa chini, miguu tu inaonekana.
"Kuvuta," sauti ikatoka uvunguni, "hata punda huvuta.
Niulize kusimama."
Akatoka na unga mwekundu kwenye ukucha:
chasi imepakwa rangi mbichi juu ya kutu,
kama wale wanijiao na dhahabu juu ya shimo.

Ile tuliyoichukua tuliikuta kwenye mnada
wa kampuni ya maji, Industrial Area.
Nyeupe ya zamani, mlango mmoja kijani,
kabini moja, tutabanana.
Springi zake zimepangana nene kama vitabu vya sheria.
Nikaigonga boneti: fungua mdomo.
Wandabwa akatemea kidole, akasugua kibati cha mlangoni
mpaka namba zikajitokeza, akatoa, akajumlisha,
akaandika kiganjani.
"Inabaki kilo mia na arobaini."
"Za nini?"
"Za makosa," akasema.

Kisha breki za trela yenyewe,
kila gurudumu na breki yake, waya mpaka kwa dereva.
Bei yake ilinikalisha juu ya ndoo.
Nikakumbuka wagonjwa wangu wanavyokaa
nikiwatajia gharama ya mzizi,
nikaona haya kidogo.

Jumapili, kabla barabara haijaamka,
tukashuka mteremko wa Kangemi.
Lemayian hakuzungumza. Nyaboke alishika dashibodi
kana kwamba ndiyo iliyohitaji kushikwa.
Katikati ya mteremko Wandabwa, aliyetangulia kwa boda,
akapunga kitambaa chekundu:
simama.

Tukasimama.
Si papo hapo; tani hazina papo hapo.
Nilisikia shingo ikisukuma, ikasita, ikatulia
mgongoni mwetu.

Nikashuka kwenda kufungua kliniki.
Kikombe cha kusukutulia, nilichokisahau kwenye beseni,
kilikuwa kimelala ubavu.
Hakikuwa kimeanguka.

Mburugu bado hunitumia picha za ile nyeusi.
Amepunguza bei.
Nimemjibu aje Jumanne, saa nne,
asile kitu kabla.