Kidole Gumba

Zahanati ya serikali, Kapelebyong.
Dawa hakuna. Bango la mgombea urais lipo,
limebandikwa juu ya ratiba ya chanjo.

Okurut anacheka: "Matibabu ya bure? Bure kweli!
Glavu nimenunua mimi, na uzi, hata wembe."
Asekenye, mimba ya miezi minane, anamjibu:
"Ng'ombe akikauka maziwa, mume wangu,
hatubomoi zizi.
Tunamuuliza mchunga."

Wananyamaza. Ndani kuna mtu na uchungu wake.

Mimi ni namba arobaini na moja.
Nakitazama kidole gumba changu:
Alhamisi kitalowa wino,
leo kimelowa jasho la mwanangu,
na sijui, haki sijui,
yupi kati ya wale wanaotabasamu ukutani
amewahi kuketi kwenye benchi hili.